Kusanya, Kisha Ubomoe

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wapenzi wa matofali, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie ukusanyaji wa seti za matofali ya kuchezea kwa sisi watu wazima, na msimamo wangu nautaja mapema ili asiwepo wa kushtuka baadaye. Seti ambayo mwenyewe hajawahi kuibomoa, bado hajaimaliza. Aliyeijenga mara moja akaipandisha kabatini ameipata nusu. Aliyeiacha ndani ya boksi hajaipata kabisa. Najua humu ndani wamo watakaonipinga, na baadhi yao ni rafiki zangu wa siku nyingi, kwa hiyo naomba mnivumilie nieleze.

Nianze na tofali lenyewe, maana hoja yangu yote imo humo. Kampuni ya LEGO ilianza mwaka 1932 katika karakana ya seremala Ole Kirk Christiansen, huko Billund, Denmark, ikichonga vitu vya mbao. Matofali ya plastiki yalikuja mwaka 1949, yakifuata mfano wa Mwingereza Hilary Fisher Page, ambaye alikwisha kutengeneza ya kwake kwa jina la Kiddicraft. Yale ya mwanzo yalikuwa matupu kwa ndani. Unayapanga, yanakaa, unayasogeza kidogo, yanaachana. Tarehe 28 Januari 1958, Godtfred Kirk Christiansen, mtoto wa yule seremala, aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya tofali lenye mirija ndani yake, na hapo ndipo mambo yalipobadilika.

Chukueni tofali la kawaida, la vinundu 2 kwa 4, yaani vile vichomozo vya mviringo vya juu, mligeuze. Mtaona mirija mitatu imejipanga katikati. Ukilibana juu ya jingine, kila kinundu cha lile la chini kinaingia kati ya mrija na ukuta, kinabanwa pande zote. Plastiki inapanuka kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, halafu inataka kurudi mahali pake, na huko kutaka kurudi ndiko kunakoshika. Kukiwa na ubanaji wa kupita kiasi, mtoto hawezi kuyatenganisha. Ukipungua, mnara unamwagika. Ndiyo maana mafundi wa kalibu wanahangaika na vipimo vidogo kuliko unywele: wanataka tofali lishike, na wanataka tofali hilohilo liachie. Kuachia hakukuja kwa bahati. Kumebuniwa, kumepimwa, kumelipiwa. Na kwa kuwa vipimo havikubadilika, tofali la mwaka 1958 linabana vizuri juu ya tofali lililotoka kiwandani wiki hii. Sijui vitu vingi vya kuchezea vinavyoweza kujisifu kwa hilo.

Sasa, kama nusu ya uvumbuzi ni kuachia, mtu anayejenga na asibomoe amekataa nusu ya kitu alichokinunua.

Kuna mtaalamu wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Søren Eilers, aliyehesabu kwa msaada wa kompyuta ni kwa njia ngapi unaweza kuunganisha matofali sita ya 2 kwa 4 ya rangi moja. Jibu ni 915,103,765. Matofali sita tu! Kijitabu cha maelekezo kinakupa njia moja. Mimi nakiheshimu sana kijitabu, kwa sababu aliyekibuni ni fundi kuliko wengi wetu, na namna nzuri ya kumheshimu fundi ni kujifunza kwake kisha ukaenda kufanya la kwako.

Na hapo kwenye kujifunza nataka nikae kidogo, kwa sababu naona watu wanajenga haraka mno, halafu wanadhani wamekwisha kuijua seti. Ukijenga kwa kufuata picha, mkono unatii tu. Akili inaamka wakati wa kubomoa. Unaanza juu, unavua paa, unavua kuta, na ghafla ndani ya jengo la kijivu unakutana na matofali mekundu na ya buluu ambayo hakuna mtu wa nje angeyaona. Yale yamewekwa makusudi ili mjenzi asipotee, ajue upande gani ni mbele. Unashuka zaidi, unakuta ukuta uliolazwa ubavu, vinundu vinatazama pembeni badala ya juu. Unajiuliza: umewezaje kuingia pale bila kuacha ufa? Jibu liko kwenye vipimo. Bamba, yaani kile kipande chembamba, lina kimo cha milimita 3.2. Matatu yakipandana yanalingana na tofali moja, milimita 9.6. Na umbali kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8. Basi pandanisha mabamba matano: unapata milimita 16, sawasawa na upana wa vinundu viwili. Mwenye kulijua hilo anaweza kugeuza ukuta wowote upande wowote na ukakaa sawa. Niliwahi kulisoma mara nyingi na halikuniingia. Lilinikaa siku nilipokuwa natenganisha ukuta wa namna hiyo kipande kwa kipande, nikayaona mabamba matano yametoka pamoja.

Tumieni kitenganishi, tafadhali. Kile kipande cha kung'olea kipo ndani ya seti nyingi kubwa na kinafanya kazi yake vizuri. Meno yanaacha alama ambazo hazifutiki, na kisu ndio kabisa.

Nije kwa ndugu zangu wa maboksi yaliyofungwa. Hoja yenu ninaijua: ni akiba. Upo utafiti wa chuo kikuu cha Higher School of Economics cha Moscow uliochunguza bei za seti kati ya mwaka 1987 na 2015, ukakuta kwamba zilizoacha kutengenezwa zilipanda kwa wastani wa angalau asilimia 11 kwa mwaka. Takwimu hiyo inanukuliwa kila mahali. Kinachonukuliwa kwa nadra, na kimo katika utafiti huohuo, ni kwamba seti na seti zilitofautiana mno, na zipo zilizoshuka thamani vibaya. Chukueni Taj Mahal, seti namba 10189 ya mwaka 2008, vipande 5,922. Ilipotoka sokoni bei yake kwa wauzaji wa mkono wa pili ilipaa, watu wakawa wanaitaja kwa sauti ya chini kama mali ya urithi. Mwaka 2017 kampuni ikaitoa upya kwa namba 10256, karibu ileile, na waliokuwa wameshikilia maboksi wakitarajia makubwa wakaona yale makubwa yanayeyuka.

Lakini hata kama faida ingekuwa ya uhakika, ningebaki na pingamizi langu. Mlanguzi anayebeba maboksi kumi ya seti moja hajakusanya chochote. Amewanyang'anya watu tisa jioni zao. Kuna mtu angeijenga ile seti na mwanawe, kuna mwingine angeivunja akachukua mabamba yake ya kijani kibichi aliyoyatafuta muda mrefu. Hilo linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Namkubali mkusanyaji mmoja tu wa vitu vilivyofungwa: yule anayehifadhi historia. Akiwa na ngome ya manjano ya mwaka 1978, seti namba 375, ambayo lakiri yake haijakatwa, simwambii aifungue. Huyo anafanya kazi ya makumbusho. Lakini ni wangapi kati yetu tuna ngome hiyo?

Watu wapya huniuliza waanze na seti gani, na wengi tayari wamekwisha kuitazama idadi ya vipande ubavuni mwa boksi. Msidanganywe na idadi. Ramani ya dunia ya mwaka 2021 ina vipande 11,695, na sehemu kubwa kabisa ni viduara vya kinundu kimoja. Ni pambo zuri ukutani, lakini ukiibomoa umebaki na ndoo ya viduara. Ilinganishe na Café Corner ya mwaka 2007, jengo la kwanza katika mfululizo wa majengo ya mtaani. Ina vipande 2,056, chini ya robo ya ile ramani, lakini ni madirisha, milango, matao, mabamba ya kila ukubwa. Ghorofa zake zinavuliwa moja moja uone ndani, na ubavuni kuna mahali pa kuunganisha jengo la jirani. Aliyeibuni alifikiria kwamba utataka kuendelea pale alipoishia. Seti za namna hiyo ndizo za kununua. Kabla hujatoa fedha, jiulize utabaki na nini mezani ikishabomolewa.

Kuhusu kuhifadhi. Adui mkubwa ni jua. Plastiki ya ABS, ambayo kampuni iliianza mwaka 1963 badala ya asetati ya selulosi iliyokuwa ikijipinda, ni imara sana, lakini miale ya jua inaishambulia polepole. Nyeupe inakuwa ya njano, buluu inafubaa. Kwa hiyo kabati la kioo karibu na dirisha, linalopendwa na wengi kwa kuwa linaonyesha vizuri, ndilo linaloua taratibu. Vipande vilivyo kwenye droo yenye giza vinadumu. Kuosha, tumieni maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzijoto 40 na sabuni laini, basi.

Droo zenyewe, zipangwe kwa umbo kwanza, rangi baadaye. Wanaoanza hupanga kwa rangi kwa sababu inapendeza. Lakini kutafuta kipande kidogo cheusi katikati ya vipande vyeusi elfu moja ni adhabu, wakati kutafuta bamba jeusi katikati ya mabamba ya rangi zote ni kazi ya sekunde chache. Wenye vipande vya kijivu vya zamani muwe na droo mbili, kwa sababu kijivu kilibadilishwa kuanzia mwaka 2004 kikawa na ubuluu kidogo, na ukichanganya ukuta wako utaonekana una madoa. Kuna wakusanyaji ambao hawajakubali badiliko hilo hadi leo, na mimi ni mmoja wao; kile cha zamani kilifanana na jiwe.

Stika ziacheni kwenye karatasi yake kama mnanuia kubomoa. Stika iliyobandikwa juu ya vipande viwili imevigeuza kuwa kipande kimoja, na kubomoa kunakuwa kuchana. Kipande kilichochapishwa picha juu yake ndicho cha kweli, na ningependa kampuni zote zichape hata kama gharama inaongezeka.

La mwisho ni matofali ya kampuni nyingine, kwa kuwa najua litaulizwa. Hataza za mwanzo zilikwisha zamani, Mahakama ya Juu ya Kanada mwaka 2005 na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwaka 2010 zote zilikataa umbo la tofali lilindwe kama alama ya biashara. Kwa hiyo mtu ana haki ya kutengeneza tofali linalobana juu ya la LEGO, nami sina neno naye akilitengeneza vizuri. Ninalolipinga ni wanaonakili seti nzima, kuanzia boksi hadi kijitabu, wakauza ubunifu wa mtu mwingine kama wao. Tofali la kampuni ya Cobi kutoka Poland, lenye seti zake zenyewe na wabunifu wake wenyewe, nalichanganya na yangu likishika na kuachia inavyotakiwa. Kipimo ni hicho tu.

Nakomea hapo. Wenye maboksi yaliyofungwa waanze wao kuuliza, maana nataka kuzisikia hoja zao.