Pesa ya Maili Uingereza na Ule Msimbo wa Kodi Kwenye Slipu

Habari zenu wote, wa Dar, wa Mombasa, na nyie mlioko huku huku. Leo naongea na watu wa kea, yaani wanaohudumia wazee na wagonjwa, manesi wanaozunguka majumbani, mafundi, yeyote anayefanyia kazi ya mwajiri kwa gari lake mwenyewe hapa Uingereza. Swali ni moja: kampuni ikikurudishia pesa ya maili, msimbo wako wa kodi unabadilika? Inategemea umelipwa peni ngapi kwa kila maili. Jumla ya hela uliyopokea haikwambii kitu.

Shika slipu yako ya mshahara, tafuta palipoandikwa Tax Code. Wengi mtakuta 1257L. Weka sifuri mwishoni mwa hiyo namba, unapata 12,570. Hizo ndizo pauni unazoingiza kwa mwaka bila kukatwa kodi ya mapato. Mtanzania ataelewa upesi, ni kama ile 270,000 ya kwanza ya kila mwezi ambayo PAYE haiigusi. Mkenya, usiifananishe na ile 2,400 yako ya mwezi: ile inapunguzwa kwenye kodi ikishapigwa, hii ya huku inaondolewa kwenye mapato kabla kodi haijapigwa. Lishike hilo, tutalihitaji sasa hivi.

HMRC, ndiyo TRA au KRA ya huku, ina viwango vyake. Kwa mwaka wa kodi 2025/26, unaoanza 6 Aprili na kuisha 5 Aprili, gari lako ni peni 45 kwa maili, maili 10,000 za kwanza, kisha peni 25 kwa zinazozidi hapo. Pikipiki peni 24. Baiskeli peni 20, na wenye baiskeli karibu wote hawajui.

Mwajiri akilipa 45 kamili, mambo yameisha. Hayo si mapato, hudai kitu, hudaiwi kitu, msimbo unabaki vilevile. Na nyie wa nyumbani, mkitumiwa picha ya slipu yenye pauni 300 za maili, msizihesabu kwenye mshahara. Zilishaliwa na petroli, bima na matairi.

Akilipa pungufu, na kwenye kea hilo ni la kawaida, unadai nafuu ya kodi kwa kile kilichopungua. Tupige hesabu. Umeendesha maili 6,000 kwa mwaka, unalipwa peni 25. Kwa kiwango cha HMRC ni pauni 2,700. Umepokea 1,500. Pengo ni 1,200. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanapogombana na HMRC bure: hulipwi hizo 1,200. Zinaongezwa kwenye ile 12,570, inakuwa 13,770, na msimbo unasomeka 1377L. Faida yako ni kodi ya hizo 1,200 tu: pauni 240 kama unakatwa asilimia 20, pauni 480 kama uko kwenye 40. Uskoti wana asilimia zao, na msimbo wao unaanza na S. Na kama mapato yako ya mwaka hayafiki 12,570, hukukatwa kodi, kwa hiyo hakuna cha kurudishiwa.

Akilipa zaidi ya kiwango, upepo unageuka. Maili 3,000 kwa peni 60 ni pauni 1,800, kiwango kilikuwa 1,350, zile 450 za juu ni mapato. Mwajiri anaziandika kwenye fomu P11D, ile ya marupurupu, na msimbo unashuka hadi 1212L. Hujaibiwa: unalipa pauni 90 kwa hela uliyokwisha kuila.

Kuna wanaopewa posho ya gari, tuseme pauni 150 kila mwezi, uendeshe usiendeshe. Hiyo ilishakatwa kodi kama mshahara, kwa hiyo haihesabiwi kama malipo ya maili, na kama hulipwi kitu kingine kwa maili unadai peni 45 zote. Gari la kampuni halimo kabisa kwenye nafuu hii.

Maili zipi zinahesabiwa? Kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine, ndiyo. Nyumbani hadi kituo chako cha kudumu, hapana, hata ukiitwa Jumapili usiku. Kama kazi yako imepangiwa eneo fulani na wewe unaishi nje yake, maili za kufika mpakani mwa eneo hilo huzidai, gharama ni yako mwenyewe. Petroli huidai pembeni, iko ndani ya zile 45. Maegesho ya kwenye safari hizo za kazi unaweza kuyadai. Faini ya maegesho, jamani, hapana.

Tangu Oktoba 2024 HMRC wanataka ushahidi, na ushahidi ni daftari la safari. Ona mstari huu kwenye skrini, nusu ya pili ya postikodi nimeificha: "4 Novemba 2025, LE2 hadi LE5, maili 4.1, ziara ya mteja saa tatu asubuhi." Tarehe, postikodi ya kuanzia, ya kuishia, maili, sababu. Mstari mmoja kwa kila safari. "Wiki nzima, maili 120" haipiti. Na ni maili, siyo kilomita: programu ya simu iliyowekwa kwa kilomita inageuza maili 10 kuwa 16, na dai lako linanuka toka mbali.

Fomu ya kudai inaitwa P87, mtandaoni au kwa posta. Andaa namba yako ya National Insurance (bima ya taifa), namba ya PAYE ya mwajiri iliyo kwenye P60, ile karatasi ya mwisho wa mwaka ya mshahara na kodi, jumla ya maili, na ulicholipwa. Gharama unazodai zikizidi pauni 2,500 kwa mwaka mmoja, P87 haikufai, unajaza Self Assessment, yaani ritani yako mwenyewe ya kodi. Unaweza kurudi nyuma miaka minne: ya 2022/23 mwisho wake ni 5 Aprili 2027. Mawakala wanaojaza kwa ajili yako wanakata fungu lao. HMRC hawatozi hata peni.

Dai la miaka iliyopita mara nyingi linarudi kama pesa kwenye akaunti au kwa hundi, la mwaka huu linapitia kwenye msimbo. Ukiona herufi M1 au W1 mwishoni mwa msimbo, kila mshahara unahesabiwa peke yake, kwa hiyo usisubiri miezi ya nyuma irudi kwenye slipu ijayo.

Kinachowaumiza wengi ni hiki: HMRC wanaweza kuendelea na makadirio ya mwaka jana. Umeacha kea, umepata kazi ya ofisini, gari limelala nje, lakini msimbo bado ni 1377L. Unapunguziwa kodi usiyostahili kupunguziwa, kisha inakuja barua ya P800 kwamba unadaiwa 240, na mwakani msimbo unashushwa ili wazikate. Siku ile ile unapobadili kazi, ingia kwenye akaunti yako ya kodi mtandaoni, tafuta mstari wa Job expenses, na wajulishe gharama hizo zimeisha.