Wanaohama Huondoka na Watoto Ambao Hawajazaliwa

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kuja. Tukiulizwa kwa nini vijiji vinazidi kubaki na watu wachache, wengi hujibu kwamba vijana wanakimbilia mjini. Ni kweli, lakini jibu hilo linaishia njiani.

Watu wa mashambani wamehama tangu zamani. Mwaka 1885 mwanajiografia Ernst Georg Ravenstein, kwa kuchambua sensa za Uingereza, alionyesha kuwa wao huhama zaidi kuliko wa mijini, na kwamba kwa safari za karibu wanawake huwazidi wanaume. Jambo hili la wanawake tunalipita haraka mno. Wasichana mia moja wakiondoka, kijiji kimepoteza pia watoto ambao wangewazaa, na wajukuu baada yao. Ukifika wakati mazishi yamezidi uzazi, hata asipohama mtu mwingine, idadi itaendelea kushuka. Mwanasosholojia wa Japani, Akira Ono, alivipa vijiji vya namna hii jina lenye maana ya vijiji vilivyofikia ukomo: zaidi ya nusu ya wakazi wana miaka 65 na kuendelea, na kazi za pamoja zinashindikana. Nani atazibua mifereji? Nani atabeba jeneza?

Kinachowaondoa kwanza mara nyingi ni kazi. Marekani, mwaka 1900, takriban asilimia 41 ya wafanyakazi walikuwa kwenye kilimo. Mwaka 2000 hawakufika asilimia 2. Mashine zilichukua nafasi ya mikono, mashamba madogo yakamezwa na makubwa. Vita na ukame navyo huhamisha watu, ila hapo sababu huonekana kwa macho.

Isiyoonekana ni huduma zinazoondolewa kimyakimya. Tarehe 31 Machi 2019 watu wa mikoa kama Teruel na Soria waliandamana Madrid kwa jina la Hispania iliyofanywa tupu. Na kwa lugha yao neno walilotumia, vaciada, lina maana ya kitu kilichofanywa kitupu, si kitu kilicho kitupu tu. Nalipenda sana neno hilo, kwa sababu kitu hakijifanyi kitupu chenyewe. Walidai treni, madaktari na intaneti.

Mimi naona jeraha kubwa kuliko yote ni shule. Wakuu hupiga hesabu, wanasema wanafunzi hawatoshi, wanaifunga. Hesabu yao ya leo huenda ni sahihi. Lakini mama mwenye mtoto wa miaka mitano, aliyekuwa ameamua kubaki, sasa ana safari ndefu kila asubuhi. Atahama. Jirani yake mwenye duka hupoteza mteja, basi lililopita kila siku litapita mara mbili kwa wiki, na kijana aliyekwenda kusoma mjini, akifikiria kurudi na mke wake, atauliza kwanza watoto watasoma wapi.