Kuna mtu alikuwa mimi siku nne
(Mazungumzo na vikundi vya wafanyabiashara wadogo, Temeke)

Assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na ambao sijawagusa habari za mchana. Huko nyuma mnanisikia? Haya. Mi sio mtu wa kompyuta, mi ni wakala wa hela, nina kibanda changu mwaka wa tisa huu, nadhani nimeitwa kwa sababu watu wakitapeliwa wanakuja kulia kibandani kwangu kabla hawajaenda popote, halafu na mimi mwenyewe yameshanikuta. Kuna mtu alikuwa mimi siku nne nzima.

Alichukua picha yangu ya harusi ya mdogo wangu, nimepiga kanzu na koti, akafungua akaunti Facebook kwa jina langu ila kaongeza herufi moja, akaanza kuomba urafiki kwa ndugu zangu mmoja mmoja, maana listi ya marafiki nilikuwa nimeiacha wazi kama daftari la mahudhurio. Wakimkubali tu anahamia inboksi, simu yangu imeharibika, nimekwama sehemu, nisaidie kidogo kesho asubuhi narudisha.

Sasa sikilizeni hawa wawili. Mama yangu mkubwa yuko Muheza, simu yenyewe aliwekewa na wajukuu. Akaandikiwa "Habari mama, mzima?" Akamwita binti yake akamwambia huyu sio mwanangu, mwanangu hata awe anakimbizwa na simba hanianzi bila shikamoo. Kwisha habari. Mjomba wangu sasa, msomi, mstaafu, miwani, kila kitu, kamtumia laki na nusu. Na jina lilimtokea kwenye simu kabla hajaweka namba ya siri, jina la mwanamke, jamaa akamwambia hiyo ni laini ya wakala wee tuma tu. Nikamuuliza mjomba, kwa nini hukunipigia hata kubipu? Akasema, "Niliona nikikupigia utafikiri nakubania."

Hapo ndo pa kushika jamani. Yule mtu hakuingia kwenye akaunti yangu, paswedi yangu haijui mpaka leo, alichokula ni haya ya mjomba. Kwa hiyo ukisikia kuna mwingine anajiita wewe usikimbilie kuandika malalamiko kwa wenye mtandao, shika simu piga kwa wale ambao wakisikia una shida hawatauliza, wazazi, wajomba, wateja wa mkopo, mweka hazina wa kikoba. Unawaambia neno moja tu, mimi nikitaka hela napiga na unasikia sauti yangu, usipoisikia sio mimi, na ukinipigia kuhakikisha sinuni. Hilo la kununa lisemeni kwa mdomo kabisa maana watu wanaogopa kuonekana wachoyo.

Halafu kuna kitu kilinichanganya. Watu wananiambia mbona una akaunti mbili, natafuta siioni, mpaka nikaanza kuhisi wananizushia. Kumbe jamaa kitu cha kwanza akishafungua anakubloku wewe mwenye sura yako, sa utaionaje? Muombe anayeiona akutumie linki yake, na skrinshoti za profaili, za chati, na ile namba aliyopewa atume hela. Meseji ya muamala isifutwe.

Na fanya hivyo KABLA hujaripoti. Mi nilifanya ujinga hapa nauungama mbele yenu. Nilikusanya marafiki kama thelathini, ripoti ripoti ripoti, jioni akaunti imeondoka, tukashangilia kama tumefunga goli. Kesho yake niko kituoni askari ananiuliza, haya hiyo akaunti iko wapi? Nikabaki natoa macho. Tuliufuta ushahidi wenyewe kwa mikono yetu.

Kuripoti kwenyewe sio kazi, unaingia kwenye ile profaili feki, vile vidoti vitatu, ripoti, unachagua anajifanya mtu mwingine, wewe unaweka ni mimi, rafiki zako wanaweka ni rafiki yangu. Instagram wanaweza kukuomba picha ya kitambulisho.

WhatsApp ni mbili tofauti msizichanganye. Kuna ya mtu kuweka picha yako kwenye namba yake, hiyo dawa ni ile ile, pigia watu, ripoti ile namba, na picha yako kwenye setingi iruhusu kontakti zako tu. Ya pili ndo mbaya, amekuchukulia WhatsApp yako yenyewe, na mara nyingi umempa mwenyewe, anakuja na namba ya mtu unayemjua anakwambia nimekosea, kodi yangu, yaani ile namba ya kuthibitisha WhatsApp, imekuja kwako, tarakimu sita, nisomee. Ukisoma umetoka. Ikitokea isajili upya saa hiyo hiyo kwa laini yako, kodi ikija kwa meseji ukaiingiza, ye anatupwa nje. Kama alishaweka pini yake utasubiri siku saba ndo uingie, lakini na yeye hayumo. Leo mkitoka hapa ingieni setingi za WhatsApp wekeni pini yenu ya hatua mbili, dakika moja tu.

Kuna mama alinifuata na kijana aliyemwambia nipe elfu hamsini niihaki hiyo akaunti feki. Mama, huyo ni tapeli wa pili kaja kumalizia alipoachia wa kwanza.

Polisi nendeni, msiseme haina maana. Toka 2015 tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao, kifungu cha 15 kinasema kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta ni kosa, faini isiyopungua milioni 5 au mara tatu ya alichokipata, kipi kikubwa, ama jela isiyopungua miaka 7, au vyote. Nenda na makaratasi yako uchukue RB, ile namba ya taarifa yako polisi, hata kama hela hairudi, kesho mtu akija anakudai ile aliyomtumia "wewe" una cha kumuonesha. Na meseji za utapeli zitumeni 15040.

Ila jina lililotokea kwenye muamala msikimbilie kwenda kumchoma mtu nyumba. Mjomba alitaka kumfuata yule mwanamke, tulivyofuatilia kumbe ni bibi anauza maandazi, hajui hata laini hiyo ipo. Tangu usajili wa laini kwa vidole uanze 2019 kuna vijana wa mwavuli, wale wanaosajili laini barabarani, sio wote, unaweka kidole anakwambia hakijasoma, weka tena, hakijasoma, weka tena. Wewe unaondoka na laini moja, ye kabaki na mbili za jina lako. Kwa hiyo unaweza kuwa unaniogopea mimi nisivaliwe sura, kumbe jina lako wewe ndo linapokea hela za watu.

Toeni simu. Bonyezeni nyota 106 reli, fuateni menyu mpaka ikuoneshe namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Haya. Mama wa kilemba cha njano, zimekuja ngapi? Sita? Na unazotumia? ... Moja. Nyie msicheke. Njoo hapa mbele mama, tuanze na wewe.