Uvimbe una sentimita ngapi?

Ndugu zangu, kila ninapozungumzia saratani ya ini swali la kwanza ni lile lile: "Daktari, inatibika?" Nami hujibu kwa kuuliza: uvimbe una sentimita ngapi?

Uvimbe mdogo kwenye ini hauumi. Utalima, utasafiri, utakula vizuri, nao unakua. Mgonjwa anapotufikia tumbo limejaa maji na macho yamekuwa ya njano, mara nyingi ini limeshachoka, na dawa kali zitamdhuru kuliko kumfaa. Tunamtuliza maumivu, tunampunguza maji, tunakaa na familia yake. Hiyo nayo ni tiba, na ina heshima yake. Ila najua siyo mliyokuja kuiulizia.

Sasa chukueni uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au mitatu ambayo hakuna unaozidi sentimita 3. Tangu 1996 madaktari wa upandikizaji hutumia vipimo hivyo, vilivyotoka Milan, Italia, kuamua nani apandikizwe ini jipya. Uvimbe mdogo unaweza kukatwa, kwa sababu ini lenye afya hukua tena. Unaweza kuunguzwa kwa sindano inayopitishwa kwenye ngozi. Usipofaa kukatwa wala kuunguzwa, tunapeleka dawa kwenye mshipa unaoulisha, kisha tunauziba. Zipo pia dawa kama sorafenibu, na hizi mpya zinazoamsha kinga ya mwili. Zinaongeza muda wa kuishi. Kwa kawaida haziponyi.

Nani basi ataona uvimbe wa sentimita 2? Ni yule tu anayeutafuta: mtu anayejua ana homa ya ini B, ugonjwa wa kirusi unaoweza kuleta saratani hii, akipigwa altrasaundi kila miezi 6. Nimelisema hili mpaka nimechoka, na leo nalisema tena.

"Lakini mimi sinywi pombe." Sawa, wala kirusi hakikuulizi. Mama humwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, na katika kila watoto wachanga 10 wanaoambukizwa, 9 hubaki nacho. Tena kirusi B kinaweza kuleta saratani hata kabla ini halijasinyaa.

"Mimi nilichanjwa utotoni." Ulizaliwa lini? Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto wa Tanzania mwaka 2002, na humu ukumbini naona mvi nyingi. Taiwan walianza 1984 kuchanja watoto wachanga wa mama wenye kirusi, na 1986 wakaanza kuchanja wote. Kufikia 1997 ilikuwa imeshathibitishwa kwamba saratani ya ini imepungua kwa watoto wao. Sindano inayozuia saratani, na bado mtu ananiambia atampeleka mtoto wiki ijayo!

Ukikutwa na kirusi B, hujahukumiwa kufa. Wengine watahitaji tenofovir, dawa ya kukizuia kirusi, kidonge kimoja kwa siku. Wengine watafuatiliwa tu. Ila kufuatiliwa ni lazima, hata ukijisikia mzima.

Naambiwa muda umekwisha. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, kwa haraka: mwaka 2016 iliua watu hapa Dodoma na Manyara. Anikeni mahindi na karanga juu ya turubai, zilizoota ukungu mzitupe, wala msiwape kuku. Kupika hakuitoi sumu ile, na ikikutana na kirusi B hatari ya saratani ya ini huongezeka mno. Homa ya ini C haina chanjo, lakini siku hizi wengi hupona kwa vidonge vya wiki 12. Maswali yake niulizeni nje.

Wauguzi wako mlango wa kushoto, kipimo ni tone la damu ya kidole. Mwenye mzazi, ndugu au mwenza aliye na homa ya ini B atangulie.