Paipu ya breki isiyovuja: mdomo, nati na mpira wake

Habari zenu wadau, karibuni tena gereji. Leo tupo Unga Limited, Arusha, na hili nyuma yangu ni Land Cruiser la watalii. Limekatwa chesisi na kurefushwa ili waongezwe viti, sasa paipu ya breki ya nyuma haifiki. Tunatengeneza nyingine.

Kabla ya kwenda dukani, fungua paipu ya zamani uende nayo mkononi. Ukienda na maneno matupu utarudishwa na kitu kinachofanana. Kamera njoo karibu hapa. Unaona huu mdomo? Umetanuka kama faneli ndogo, na bati lake limekunjwa likarudi ndani, tabaka mbili. Huu ni wa digrii 45, magari mengi ya Kijapani yanautumia. Huu mwingine nimeutoa kwenye gari la Kijerumani, umevimba kama kichwa cha uyoga. Nati za midomo yote miwili ni milimita 10, thredi moja. Ukiufunga huu kwenye kiti cha ule, yaani pale mdomo unapokaa, nati itaingia vizuri kabisa, halafu itavuja.

Kinachozuia mafuta si thredi, ni chuma cha mdomo kubanwa kwenye kiti chake. Ndiyo maana ile tepu nyeupe ya mafundi bomba haina kazi hapa. Kipande kikikatika, kinaingia kwenye mfumo wa breki.

Wenye Land Rover za zamani, nanyi mna mtego wenu. Nati zake ni za inchi, tatu ya nane, yaani milimita 9.5. Kwenye tundu la milimita 10 inaingia ikichezacheza, unasema imekubali, kumbe imeshika kwa ncha za thredi tu. Siku ukikanyaga kwa nguvu inachomoka. Na nyie wa magari ya rali, vile viungio vya kwenye mipira ya kisasa ni digrii 37. Baadhi ya saizi zina thredi sawa na za digrii 45, kwa hiyo msipime thredi peke yake, angalieni pembe.

Paipu nayo. Tunatumia ya milimita 4.75, ya chuma au ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Shaba tupu ya friji ni laini, inakunjika raha, najua. Lakini kwa mtikisiko wa barabara ya vumbi kutoka lango la Lodoare la Ngorongoro kwenda Naabi, Serengeti, inakuwa ngumu, halafu inapasuka. Na kifaa cha fundi friji kinatoa mdomo wa tabaka moja. Kwenye breki mimi sikubali.

Haya, kazi. Kata kwa kikata paipu, zungusha taratibu ukikaza kidogo kidogo. Msumeno unaacha vumbi la chuma ndani. Piga tupa ncha iwe bapa, ondoa makali ya ndani na ya nje, pulizia upepo.

Sasa simama. Nati umeivalisha? Ivalishe sasa, thredi zikiangalia ncha. Mimi nimeshatengeneza mdomo mzuri, nikaupiga picha, nikageuka nikaiona nati mezani. Unakata, unaanza upya.

Bana paipu kwenye kibano cha kifaa cha kutengenezea mdomo, ncha ichomoze sawasawa na unene wa ukingo wa kile kidude chenye kipini. Ikizidi, mdomo unapinda upande, ikipungua, haukunjiki. Dondoshea tone la mafuta ya breki, ingiza kipini ndani ya paipu, kaza skrubu ya kifaa mpaka kidude kilale juu ya kibano. Kitoe. Unaona, ncha imevimba kama kitunguu. Sasa rudisha koni iliyo kwenye ncha ya skrubu, peke yake bila kidude, kaza, na ule uvimbe unalala ndani. Toa, tazama kwenye mwanga. Nataka duara kamili, lisiwe na ufa wala upande mmoja mnene. Huu wangu wa kwanza, oneni, umeenda kushoto. Nautupa.

Mpira wa kwenye gurudumu nanunua uliobanwa kiwandani, sibani mwenyewe. Soma maandishi ubavuni: wa breki huwa na SAE J1401, alama ya kiwango cha mipira ya breki. Wa petroli, hata ukiwa mnene, mafuta ya breki yanauharibu. Urefu wake upime gari likiwa juu ya jeki, gurudumu likining'inia, na kwa mbele zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili. Mpira usijipinde wala kugusa tairi. Kwenye kiungio cha banjo, kile cha duara kinachopitiwa na boliti, weka washa mpya za shaba, moja kila upande.

Kufunga, anza kwa vidole, zamu tatu au nne bila kulazimisha. Kisha spana ya ringi iliyochanwa mdomo, maana spana ya kawaida inakula kona za nati. Nguvu ya kukaza, nyutoni mita 15 hivi zinatosha.

Toa upepo kwenye breki, futa kila kiungio kikauke, mwite kijana akanyage pedali aishikilie dakika nzima huku wewe upo chini na tochi. Ukiona unyevu, usikaze zaidi. Fungua, utoe mdomo, uutazame tena.