Halmashauri Nayo Ina Taka Zake

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, ndugu Mkurugenzi na wakuu wa idara, asanteni kwa kunipangia kabla ya chai. Baada ya chai huwa nabaki na viti.

Nimeombwa nizungumzie mustakabali wa mifumo ya usimamizi wa mazingira katika serikali za mitaa. Naomba nianzie mahakamani.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa sababu ya dampo lililokuwa kwenye makazi yao. Moshi, uvundo, inzi. Wakashinda. Jiji likaamriwa liache kumwaga taka pale. Likaomba muda, likaja kuomba tena, hadi mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akikumbusha kwamba Ibara ya 14 ya Katiba inalinda haki ya kuishi. Magari yakageuzwa kwenda Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao, kwa mamia, wakaenda mahakamani na wakashinda. Magari yakageuzwa tena, safari hii Vingunguti, jirani na Mto Msimbazi, na miaka mingi baadaye Pugu Kinyamwezi.

Angalieni mshtakiwa ni nani. Si kiwanda cha ngozi wala mchimba mchanga. Ni halmashauri, yenye sheria ndogo za usafi, yenye bwana afya anayemtoza mama lishe faini kwa ganda la ndizi. Sisi tumezoea kujiona waamuzi wa mchezo huu, kumbe tumo uwanjani, na rafu tunacheza.

Mfumo wa usimamizi wa mazingira unaanzia hapo: taasisi inajiorodhesha yenyewe. Machinjio yetu, stendi yetu, soko letu, magari yetu ya taka, gari letu la kunyonya majitaka: kila kimoja kinaharibu nini, kiasi gani, nani anawajibika, mwaka huu tunapunguza kiasi gani, na nani atakuja kukagua kama kweli tumepunguza. Basi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 14001 kilichotoka mwaka 1996 kinasema hayo kwa kurasa nyingi zaidi. Ulaya mfumo wao wa EMAS ulianza na viwanda, ila tangu 2001 umefunguliwa hata kwa halmashauri za miji. Cheti cha mifumo hiyo, cha kutundika ukutani, mimi hakinisumbui. Kina gharama, na wengi wenu hamkihitaji.

Mtaniambia sheria tunayo. Kweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka kila halmashauri iwe na ofisa mazingira, kamati ya mazingira na mpango wa mazingira. Mpango mara nyingi huandikwa, hujaladiwa vizuri, hulala kabatini. Ofisa naye akishajua mtaro upi hufurika na nani humwaga majitaka usiku, anapata uhamisho. Anaondoka na ujuzi wote kichwani. Anayekuja anaanza kuuliza njia.

Sasa linganisheni na fedha. Hapa ndani hakuna asiyejua maana ya hati safi na hati chafu. Mkaguzi akiibua hoja, Mkurugenzi halali mpaka ijibiwe, na isipofungwa mwaka huu inarudi mwakani ikiwa na mvi. Mhasibu akihamishwa, hoja haihami naye. Inabaki kwenye daftari ikimsubiri atakayefuata. Mazingira hayana daftari hilo. Tuna Jumamosi ya mwisho wa mwezi na ufagio, tuna mashindano ya usafi, na nawapongeza Moshi na Njombe kwa sifa waliyojijengea. Lakini ufagio hauandiki hoja.

Ninachotaka kukiona miaka ijayo ni hoja za mazingira zikikaa meza moja na hoja za fedha katika Baraza la Madiwani, kila robo mwaka, zikiwa na tarehe, jina la idara na kasma, yaani fungu la bajeti, ya kuzitekeleza. Kasma naisisitiza. Lengo lisilo na kasma ni salamu tu.

Na msianze na kila kitu. Chukueni machinjio peke yake kwa mwaka mmoja. Pimeni maji yanayoingia, fuateni yanayotoka, andikeni mlichokiona hata kama kinaaibisha, hasa kama kinaaibisha. Mkaguzi wa ndani, ambaye tayari mnamlipa, aongezewe ukurasa mmoja kwenye taarifa yake.

Asubuhi, nikiwa nasubiri ukumbi ufunguliwe, niliwauliza watumishi watatu wa hapahapa damu ya machinjio yenu inaelekea wapi. Wa kwanza alisema kuna shimo. Wa pili alisema kuna gari linaloichukua. Wa tatu alicheka, akanionyesha bonde kwa kidole.

Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali, lakini hilo langu ndilo lingetangulia.