Programu ya Picha: Unalipia Nini Hasa?

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie programu za bei nafuu za kuhariri picha, na nawaona baadhi yenu mmeshafungua daftari mnasubiri jina moja muandike muondoke. Majina nitayataja, tena mengi. Lakini tuanze na kazi yenyewe, maana asiyejua anachotaka kuifanyia picha yake atauziwa chochote.

Tazameni picha hii ukutani. Mama ameketi kando ya dirisha, mchana. Kamera imepima mwanga wa nje, kwa hiyo uso wake umeingia giza. Macho yapo, ila yamezama. Chini ya picha nimeweka histogramu, ule mchoro wa vilima unaoonyesha vitone vingapi vya picha, yaani pikseli, ni vya giza na vingapi ni vya mwanga. Rundo lile la kushoto ni uso, gauni na ukuta. Ule mwiba mwembamba uliobana kulia kabisa ni dirisha. Katikati karibu patupu. Ukiona histogramu ya namna hii, ujue una picha mbili ndani ya moja, na kila moja inahitaji tiba yake.

Tunataka kuuinua uso bila kuliunguza dirisha. Nanakili leya ya picha, yaani tabaka, kama karatasi angavu iliyolazwa juu ya nyingine. Kwenye ile nakala nafungua zana ya mkunjo, inayopandisha au kushusha mwanga. Huo hapo mstari ulionyooka kutoka pembe hadi pembe. Naushika palipo na giza, penye thamani ya 60 kwenye kipimo cha 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe), naupandisha hadi 95. Uso umefunguka, lakini dirisha limepauka, halitamaniki. Sasa naiwekea leya hiyo maski nyeusi, yaani kifuniko: penye nyeusi panaficha, penye nyeupe panafichua. Mabadiliko yote yanafichika. Kisha nachukua brashi laini, rangi nyeupe, nguvu yake asilimia 30 hivi, naanza kupaka usoni taratibu, nashuka shingoni, naachia kabla ya fremu ya dirisha. Pale nywele zinapokutana na mwanga ndipo penye usumbufu. Hapo punguza ukubwa wa brashi na usiwe na pupa, la sivyo utamvika mama wa watu taji la ukungu. Haya, tumemaliza. Uso umerudi, dirisha liko vile vile.

Niambieni, nimetumia programu gani?

Hamwezi kujua, kwa sababu menyu niliificha makusudi. Ilikuwa GIMP, programu ya bure. Ningeweza kuifanya kwenye Photoshop, kwenye Affinity, kwenye Krita, au kwenye Photopea inayofunguka ndani ya kivinjari, na jicho lako lisingeona tofauti. Kuigeuza 60 iwe 95 ni hesabu, na hesabu haina mwenyewe. Mkunjo, viwango, maski, mhuri wa kunakili, kukata kingo, kuongeza ukali: hizo ndizo zana zinazobeba sehemu kubwa ya kazi ya picha za kila siku, na zote zimejaa kwenye programu ambazo hazikugharimu kitu.

Kuna jambo la kihistoria ambalo watu hulisahau. Photoshop ilianza mwaka 1987 kama programu ya Thomas Knoll, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan, akisaidiana na mdogo wake John aliyekuwa akifanya kazi ya picha za sinema. Kampuni ya Adobe iliitoa mwaka 1990, kwa kompyuta za Macintosh tu. Na leya, ambazo leo tunadhani ndizo roho ya programu yenyewe, hazikuwemo hadi toleo la 3 mwaka 1994. Maana yake, kwa miaka minne wataalamu walikula jasho lao kwa chombo kilichopungukiwa na vitu ambavyo leo mtoto wa shule anavipata bure. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba bila programu ya gharama hakuna kazi ya kitaalamu, namwuliza: ya kitaalamu ya mwaka gani?

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na najua kuna watu humu ndani methali hiyo iko kwenye ncha ya ulimi. Wana hoja. Yapo mambo ambayo pesa inanunua kweli, nami sitawaficha.

La kwanza ni kuhariri bila kuiharibu asili. Kwenye Photoshop unaweka badiliko kama leya ya marekebisho, na hata ukirudi baada ya mwezi unalipunguza au unaliondoa, picha ya chini haijaguswa. GIMP ilichelewa mno hapa. Vichujio vya namna hiyo, vinavyobaki wazi kurekebishwa, vimekuja na toleo la 3.0, Machi 2025. Kabla ya hapo ulikuwa unapiga kichujio, pikseli zinabadilika, basi. Dawa ilikuwa kunakili leya kila hatua, kama mlivyoniona nikifanya. Mimi nilizoea, lakini siwezi kumwambia mtu kwamba ni raha.

La pili ni uchapaji. Kazi inayokwenda matbaa mara nyingi hutakiwa katika CMYK, yaani wino nne, wakati skrini inatumia nyekundu, kijani na bluu. GIMP inaweza kukuonyesha jinsi rangi zitakavyotoka na kukutolea faili la CMYK, lakini haifanyi kazi ndani ya CMYK moja kwa moja. Krita na Affinity zinafanya. Kama riziki yako ni vifungashio na mabango, jambo hili peke yake linaweza kukuamulia.

La tatu ni kazi ya kundi. Faili la PSD, yaani la Photoshop lenyewe, lenye leya themanini, maandishi, vivuli na vitu vilivyofungwa ndani ya vitu, likifunguliwa kwenye programu nyingine hupoteza hiki na kile. Photopea inajitahidi sana kulisoma, nyingine hukwama. Kama mnapokezana mafaili ya aina hiyo watu watano kila siku, tumieni chombo kimoja na mlipie.

Na hizi zana za akili mnemba, za kujaza pengo au kumfuta mtu aliyepita nyuma, kwenye programu za kulipia zimetangulia. Kuna anayezihitaji kila siku, na kuna anayezichezea wiki ya kwanza kisha anazisahau.

Sasa jiulize: katika hayo, mangapi ni yako? Mpiga picha za harusi anayetoa picha za kuchapwa inchi sita kwa nne anahitaji pikseli 1800 kwa 1200, wala CMYK haimhusu, maana studio ya kuchapa inapokea JPEG, aina ya kawaida ya faili la picha. Anayeweka picha za bidhaa mtandaoni atazipunguza hadi upana wa pikseli elfu moja na kitu. Shida ya hao wote wawili iko kwenye mwanga waliopigia. Programu ya gharama haitawasaidia hapo.

Nataka nikae kidogo kwenye faili ghafi, yaani data ya kamera kabla haijabanwa kuwa JPEG, kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza ubora bila kujua, halafu wanailaumu programu. JPEG inahifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi la biti 14 linahifadhi ngazi 16,384. Ukiinua giza la JPEG sana, zile ngazi chache unazivuta ziachane, na kwenye anga au ukutani unaanza kuona mistari mistari. Mtu akiona hivyo anasema programu ya bure ni mbovu. Afungue JPEG ile ile kwenye programu ya bei kali kuliko zote, mistari ataikuta, maana ngazi zilizokwisha kutupwa hazirudi. Dawa ni kupiga faili ghafi na kulifungua kwenye programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Darktable na RawTherapee ni za bure, programu huria, na hazigusi faili lako asilia hata kidogo. Maagizo yako huandikwa pembeni. Darktable ina vitufe vingi hadi vinakera, ukweli usemwe. Chagua moduli (zana) sita unazozielewa, nyingine zifiche.

Turudi kwenye pesa. Watu hulinganisha bei na kusahau kuuliza aina ya malipo. Zamani ulinunua toleo la Photoshop, CS6 la mwaka 2012 likiwa la mwisho, likawa lako. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya yatapatikana kwa malipo ya kila mwezi au mwaka. Malipo yakikoma, mafaili yako yanabaki kwenye diski, lakini programu ya kuyafungua imefungwa. Kwa ofisi yenye mapato ya uhakika hilo halina tabu. Kwa mtu ambaye kazi zinakuja kwa msimu, mwezi mkavu ndio mwezi anaohitaji kufungua kazi ya zamani ili atafute wateja, na ndio mwezi mlango umefungwa. Hata Photoshop Elements, ndugu mdogo aliyezoeleka kununuliwa mara moja, toleo lake la 2025 limekuja na leseni ya miaka mitatu. Soma masharti kabla ya kusoma bei.

Na neno bure nalo lichunguzwe. Photopea ni bure kwa sababu kuna matangazo pembeni. Affinity ilikuwa ya kununua mara moja. Kampuni ya Canva ikainunua kampuni iliyoitengeneza mwaka 2024, na mwishoni mwa 2025 ikaifanya ya bure kwa mwenye akaunti ya Canva, huku zana za akili mnemba zikibaki za kulipia. Ni programu nzuri sana, naipendekeza bila kusita. Lakini ni ukarimu wa kampuni, na kampuni ikiamua vingine kesho hutakuwa na la kusema. GIMP, Krita na Darktable ni jambo tofauti. Leseni yao inaruhusu yeyote kuichukua, kuibadili na kuigawa, kwa hiyo toleo ulilonalo leo hakuna anayeweza kuja kukunyang'anya. GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis; wao walishaondoka zamani, programu ipo. Tena zile zana za kuchora vitufe na madirisha walizojitengenezea wakati huo, GTK, ndizo zilizokuja kujengea GNOME, sura ya kompyuta nyingi za Linux hadi leo.

Kuhusu nakala za wizi sina maneno mengi. Unazima ulinzi wa kompyuta yako ili usakinishe kitu kilichochezewa na mtu usiyemjua, kisha unaweka humo picha za wateja. Wakati njia halali za bure ziko tele, sioni faida.

Pesa utakayoiokoa, sehemu yake nunua kipima rangi cha skrini. Nasema hili kila ninapopata kipaza sauti. Skrini nyingi zinatoka kiwandani zimewekwa na mwanga mkali na zimeelekea kwenye bluu. Unahariri, uso unauona umepoa, unaongeza joto, unaridhika; picha ikichapwa mtu ana rangi ya chungwa. Kifaa kinabandikwa kwenye skrini kwa dakika chache, kinasoma rangi, kinaandika wasifu wa rangi, yaani maelezo ya jinsi skrini yako inavyoonyesha rangi, ambao programu nyingi zinautumia, za bure na za kulipia. Sijui matumizi mengine ya pesa kwenye fani hii yanayorudisha faida haraka hivyo.

Naona mkono pale nyuma. Swali ni kwamba matangazo ya kazi yanaitaja Photoshop kwa jina, je, anayejifunza GIMP hajipotezei muda?

Kama unatafuta kuajiriwa kwenye studio, ndiyo, lazima uijue Photoshop, na mwajiri ndiye atakayelipia leseni. Lakini maski ni maski. Aliyeelewa kwa nini tumepaka nyeupe juu ya nyeusi kwenye picha ya yule mama atahitaji siku kadhaa kuzoea menyu na vitufe vya mkato. Aliyekariri menyu bila kuelewa atakwama kila toleo jipya likitoka, hata ndani ya programu ile ile. Lipia mwezi mmoja kabla ya usaili, ufanye mazoezi ya vitufe.

Na wewe dada, endelea. Kompyuta ni ya zamani, RAM gigabaiti nne. Kama ni ya Windows, anza na Paint.NET, ni nyepesi, ina leya na mkunjo, ingawa maski haiji nayo. Kama intaneti yako haisumbui, jaribu Photopea: kazi inafanyika ndani ya mashine yako mwenyewe, picha hazipandishwi kokote. Punguza ukubwa wa picha kabla ya kuanza, na usifungue vichupo vingine kumi vya kivinjari. Kama unatumia simu zaidi, Snapseed ya Google ni bure, inafungua hata mafaili ghafi ya aina ya DNG, na mkunjo umo. Chagua picha zako mbaya, zile zilizokushinda, ujaribie hizo. Picha nzuri hazipimi programu.

Faili la yule mama na histogramu yake nitaliacha kwenye kompyuta hii hapa mbele, likiwa JPEG na likiwa ghafi. Wenye vidiski karibuni mnakili, inueni uso kwenye yote mawili, mlinganishe ukuta ulio nyuma ya bega lake la kushoto.